Miezi 12 ya sheria, miaka 30 ya vumbi

Ami yangu alipokuwa akirudi kutoka kazini, mkewe alimsubiri barazani. Hakumruhusu kuingia ndani na ovaroli. Aliivua pale pale, mkewe akaichukua na kuikung'uta ukutani mara mbili tatu, na vumbi jeupe likaruka kama unga wa sembe gunia linapopasuka. Sisi watoto tulikuwa tukicheza papo hapo. Hakuna aliyetuambia tusogee, kwa sababu hakuna mtu pale nyumbani Likoni aliyejua kwamba kulikuwa na cha kuogopa.

Alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwenye karakana moja ya meli, ng'ambo ya kivuko. Kazi yake hasa ilikuwa kuyavua mabomba na boila "nguo" zao, ndivyo walivyosema wenyewe, na kuyavisha nguo mpya matengenezo yakiisha. Nguo ile ilikuwa asbesto. Ilikuja kwenye magunia, ikamwagwa ndani ya pipa lililokatwa, ikatiwa maji na kukandwa kwa mikono kama unga wa chapati, kisha ikapakwa juu ya bomba. Ya zamani ilibanduliwa kwa patasi na nyundo, ndani ya chumba cha injini kisicho na dirisha, watu wanne wakipumua hewa moja. Alistaafu na kikohozi. Mara tatu alianzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara zote tatu makohozi yake hayakuonyesha kijidudu. Alifariki akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulimkaba. Cheti chake cha kifo hakina neno asbesto popote.

Nimesoma sheria zetu za kazi hapa Kenya kwa miaka kadhaa sasa nikitafuta mahali ambapo ami alikosa haki, na nimefikia jambo moja ambalo nataka kulisema waziwazi. Haki ya fundi wa chelezoni, pale meli zinapopandishwa kutengenezwa, imo vitabuni. Inamfia mikononi kwa kukosa karatasi mbili: moja inayosema alifanya kazi wapi na kwenye nini, nyingine inayosema anaumwa nini. Wa kuandika karatasi ya kwanza ni mwajiri, na wa kuandika ya pili ni daktari. Mfanyakazi hana kalamu kwenye yoyote kati ya hizo mbili, na bado sheria humtaka yeye ndiye azilete.

Asbesto ni jiwe. Huchimbwa ardhini kama madini mengine, lakini likipondwa hutoa nyuzi, nyembamba mno kuliko unywele wa binadamu. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi, na kemikali nyingi haziziwezi. Kwa mjenzi wa meli hiyo ilikuwa neema, maana meli ni chuma kinachobeba moto tumboni katikati ya maji. Ndiyo maana meli zilizojengwa hadi miaka ya 1970 zilijaa asbesto kila pembe: kwenye mabomba ya mvuke na boila, kwenye mbao za kuta za vyumba vya mabaharia, kwenye gasketi, kwenye pakingi za pampu na vali, hata kwenye breki za winchi.

Tabia ile ile inayoufanya uzi usiungue ndiyo inayoufanya usitoke mwilini. Ukiingia kwenye pafu, chembe za kinga huuzingira na kujaribu kuumeza, zikashindwa, zikafa, zikaacha kovu. Kovu juu ya kovu, pafu likakakamaa kama ngozi ya ngoma. Huo ndio ugonjwa wa asbestosisi. Mara nyingine chembe zinaharibika na kugeuka saratani ya mapafu, ya koo la sauti, au ya ovari. Na ipo saratani ya utando unaofunika mapafu na tumbo, mesotelioma, ambayo ni nadra sana kwa mtu asiyewahi kukutana na asbesto. Hii ya mwisho huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Kijana aliyebandua bomba akiwa na miaka 22 huambiwa ana mesotelioma akiwa na wajukuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Msomaji ataniambia hayo ni ya zamani. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kanuni za taka za mwaka huo huo zikaiweka kwenye orodha ya taka hatari. Kwa upande wa bahari, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizuia kuweka asbesto mpya melini kuanzia Julai 2002, isipokuwa mahali pachache, na kuanzia Januari 2011 hata pale pachache pakafungwa. Lakini marufuku hiyo inahusu kinachowekwa. Kilichokwisha kuwekwa kimo. Meli iliyojengwa mwaka 1978 ikipandishwa kwenye chelezo pale Mbaraki, au tagi kuukuu, ile meli ndogo ya kukokota nyingine, ikiburutwa nchi kavu, kijana wa kuchomelea anayekata bomba leo hukutana na vumbi lile lile alilokutana nalo ami yangu, na pengine huyu wa leo ana hatari ya kutojua zaidi, kwa sababu ameambiwa asbesto ni mabati ya zamani ya shule na nyumba za serikali. Barakoa ya kitambaa haimsaidii. Nyuzi hizo zinahitaji kichujio maalumu kinachobana usoni, sehemu ya kazi ifungwe, kitu kiloweshwe kabla ya kuguswa, na nguo zibaki kazini.

Nguo zibaki kazini. Jambo dogo hilo tu lingetosha kubadilisha maisha ya nyumba yetu.

Na lisisemwe kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1924 daktari wa Uingereza alichapisha kisa cha mwanamke aliyefanya kazi kiwanda cha asbesto mjini Rochdale na kufa na mapafu yaliyojaa makovu. Jina lake lilikuwa Nellie Kershaw, na alikuwa na miaka 33. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya huko waliandika ripoti juu ya viwanda vya asbesto, na mwaka uliofuata zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya buluu ya Northern Cape. Wengine hawakuwahi kuchimba, waliishi jirani tu. Mwaka huo huo Uingereza ilitoa kanuni za karakana za kuunda na kutengeneza meli. Mwaka 1964 Irving Selikoff akatangaza matokeo yake kuhusu mafundi wa kuvisha mabomba wa New York. Ami alianza kazi baada ya hayo yote. Wenye chelezo, wenye meli, na waliouza magunia yale walikuwa na miaka arobaini ya maandishi mbele yao. Yeye alikuwa na pipa na mikono.

Sasa sheria. Tangu 2007 tunazo mbili zinazomhusu moja kwa moja: ile ya Usalama na Afya Kazini, na ile ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ambayo kila wakili wa Mombasa huiita WIBA. Ya kwanza inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi, amweleze hatari iliyopo na kumpa vifaa vya kujikinga, na inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Zipo pia kanuni za mwaka 2005 za uchunguzi wa afya, ambazo kwa kazi za hatari zinataka mtu apimwe anapoanza, apimwe tena kwa vipindi, na apimwe anapoondoka. Uchunguzi wa mwisho ndio ninaoupigia mstari. Ungefanywa kwa uaminifu, kila fundi angeondoka chelezoni na picha ya kifua na kipimo cha pumzi mkononi. Miaka thelathini baadaye, picha hiyo ndiyo shahidi.

WIBA ndiyo inayolipa. Inasema mfanyakazi aliyepata ugonjwa wa kazi alipwe fidia bila kuhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, au kwa kifo, kipimo ni mshahara wa miezi 96. Tuseme fundi anapata shilingi 1,000 kwa siku na anafanya siku 26 kwa mwezi: hizo ni 26,000, mara 96 ni shilingi 2,496,000. Pesa hiyo inatosha kujenga nyumba ya mjane, na ndiyo sababu mwajiri analazimishwa kukata bima mapema.

Lakini kwa kumpa njia hiyo, sheria imemfungia nyingine. Kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kwa ajali au ugonjwa wa kazi nje ya utaratibu huu. Chama cha Mawakili kilikipinga. Mahakama Kuu ilikubaliana nacho mwaka 2009 kwa sehemu kubwa, Mahakama ya Rufaa ikageuza mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019: sheria ni halali. Basi mtu huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya WIBA ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari yake. Asiporidhika na uamuzi ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo, na baada ya jibu ndipo aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Isome sheria hiyo kwa utulivu na utaona imeandikwa kwa lugha ya ajali. Mtu ameanguka ngazini, kidole kimekatwa, siku fulani, saa fulani. Dai lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Asbesto haina saa. Haina siku ambayo fundi alirudi nyumbani akasema leo nimeumia. Ukimuuliza mtu aliyevuta nyuzi kwa miaka 19 ajali yake ilikuwa lini, unamuuliza swali lisilo na jibu, na kila siku anayokaa akitibiwa kifua kikuu ambacho hana ni siku ya sheria inayoyoyoma. Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia yoyote ya chelezoni ni huu: siku daktari anapoandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, hesabuni kuanzia hapo kama mtu anayehesabu siku za eda, msikose hata moja, na mpelekeeni mwajiri na Mkurugenzi nakala mapema.

Kumfikisha daktari kuandika jina hilo ndipo penye ugumu mkubwa. Mjini kwetu kikohozi cha muda mrefu ni kifua kikuu mpaka ithibitike vinginevyo, na hilo linaeleweka, kwa kuwa kifua kikuu kipo kweli na kinaua. Tatizo ni kwamba mgonjwa haulizwi kazi. Huulizwa umri, mtaa, kama anavuta sigara. Akisema anavuta, hadithi imekwisha. Ni vizuri ijulikane kwamba sigara haileti mesotelioma hata kidogo. Na kwa saratani ya mapafu, sigara na asbesto zikikutana hatari huzidishana, kwa hiyo sigara haiifuti asbesto kwenye lawama. Mgonjwa wa chelezoni akifika kliniki aseme mwenyewe, hata asipoulizwa: nilibandua mabomba ya meli, miaka kadhaa, karakana fulani, na naomba iandikwe kwenye faili. Mesotelioma yenyewe huthibitishwa kwa kukata kinyama na kukipima maabara, na mgonjwa mzee asiye na bima mara nyingi hafiki hapo.

Karatasi ya ajira nayo ina taabu zake. Wengi wa chelezoni walikuwa vibarua. Mtu alisimama getini asubuhi, nyapara akanyoosha kidole, wewe na wewe, na jioni akalipwa mkononi. Mwezi mmoja alikuwa Liwatoni, mwezi wa pili Mbaraki, wa tatu ndani ya meli iliyotia nanga Kilindini kwa mkandarasi ambaye hata jina hakulijua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, au kwenye kazi isiyoweza kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Hiyo humwondoa kwenye mwanya wa kwanza. Mwanya wa pili ni waajiri kumtupiana: uzi uliomuua ulitoka kwetu au kwao? Hakuna daktari anayeweza kujibu. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ililikuta swali hilo mwaka 2002 katika kesi ya Fairchild, ikaamua kwamba kwa mesotelioma inatosha mgonjwa kuonyesha kuwa kila mwajiri aliongeza hatari kwa kiasi kinachohesabika; asiambiwe aende nyumbani mikono mitupu kwa sababu wakosaji wake ni wengi. Uamuzi huo haulazimishi mahakama zetu, lakini mahakama zetu husikiliza hoja za aina hiyo, na sioni kwa nini wakili wa Mombasa asiibebe mpaka Mahakama ya Ajira.

Kwa ushahidi wa ajira, anzeni na NSSF. Taarifa ya michango inaonyesha ni nani alikukatia na miaka gani, na mara nyingi ndiyo rekodi pekee iliyobaki baada ya kampuni kubadilisha jina mara mbili. Baada ya hapo tafuteni hati za mshahara, kadi ya chama, kitambulisho cha kuingilia bandarini, picha mliyopigwa mkiwa mmesimama mbele ya meli ambayo jina lake linasomeka. Waliokuwa pamoja kazini waapishwe wangali hai. Hili la mwisho linaniuma kulisema, lakini mashahidi wa kesi hizi wanakufa kwa ugonjwa ule ule.

Uingereza inamtaka mwajiri ahifadhi rekodi za afya za waliofanya kazi na asbesto kwa angalau miaka 40. Arobaini, kwa sababu waliotunga kanuni walitazama kwanza ugonjwa unachukua muda gani ndipo wakaamua faili likae muda gani. Hivyo ndivyo sheria yetu inavyopaswa kurekebishwa: rekodi ya kila aliyepanda meli yenye asbesto ihifadhiwe miaka 40, nakala ikae kwa Mkurugenzi ili kampuni ikifa isife nayo, na kwa magonjwa ya vumbi saa ianze kuhesabu siku ya utambuzi, kwa maneno yasiyohitaji wakili kuyafafanua. Chama kinachowakilisha mafundi wa meli kinaweza kulidai hilo kwenye mkataba wa pamoja hata kabla ya Bunge kuligusa. Mji huu ndio uliosimama Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wakagoma chini ya African Workers' Federation ya Chege Kibachia. Waligomea ujira. Pumzi nayo ni ujira.

Nimebaki na wake zao, na hapa sheria iko kimya lakini kimya chake kina nafasi. WIBA ni ya wafanyakazi. Mke aliyefua ovaroli si mwajiriwa, kwa hiyo hawezi kudai fidia hiyo kwa ugonjwa wake mwenyewe. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kifungu cha 16 hakimfungi. Anaweza kwenda mahakamani na kudai uzembe. Muda wa kawaida ni miaka mitatu, na kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri kinaruhusu muda huo uongezwe kwa mtu ambaye hakuyajua mambo ya msingi ya kesi yake. Kifungu cha namna hiyo kilizaliwa Uingereza mwaka 1963, baada ya mafundi wa chuma wenye vumbi mapafuni kuambiwa katika kesi ya Cartledge kwamba muda wao uliisha kabla hawajajua wanaumwa. Majaji wenyewe walikiri kwamba ni dhuluma, na Bunge likarekebisha mwaka huo huo. Nako Leeds, mwaka 1996, watu waliocheza utotoni kwenye vumbi la kiwanda cha asbesto kilichokuwa jirani nao walishinda kesi kwenye Mahakama ya Rufaa. Walicheza kwenye vumbi kama tulivyocheza sisi.

Na asiseme mtu kwamba kesi za namna hii haziwezekani kwa maskini wa Afrika. Zaidi ya waathiriwa 3,000 wa Afrika Kusini waliruhusiwa mwaka 2000 kuishtaki kampuni ya Cape kule London, ikaishia kulipa. Na hapa hapa Mombasa, watu wa mtaa wa Owino Uhuru waliougua kwa madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Walichokuwa nacho ni vipimo vya damu vilivyoandikwa, na mwanaharakati wao Phyllis Omido ambaye hakuchoka.

Mke wa ami yangu anakohoa sasa. Sisi tunamwita Mama. Mwezi uliopita nilimpeleka kupigwa picha ya kifua, na karani wa mapokezi akamuuliza kazi yake. "Mama wa nyumbani," alijibu. Karani akaandika. Nikamwomba aongeze mstari mmoja: amefua ovaroli za fundi wa chelezoni, miaka 19. Yule binti alinitazama, akamtazama Mama, kisha akageuza fomu upande wa nyuma, kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, akaandika.